Piko Iliyozidi Weusi
Piko, rangi nyeusi ya nywele ambayo wakazi wengi wa Dodoma huikoroga nyumbani katika kibakuli cha plastiki, mara nyingi hutegemea parafenilinidiamini, kemikali ambayo chembe zake ndogo hupenya ndani ya unywele, huungana kwa msaada wa oksijeni na kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Ndiyo maana kupaka rangi ya kahawia juu yake, kosa la kawaida mno, hakupunguzi weusi. Siku za mwanzo shampuu kali hufifisha kidogo, ingawa maji ya visima vya Makutupora mkoani Dodoma, kwa kuwa na madini, hupunguza povu, na ya mvua yaliyokingwa hufaa zaidi. Blichi huvunja rangi yenyewe, lakini nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha hukatika kwa urahisi, tena huweza kubaki na wekundu wa kutu.