Mchezo unapojifunga ghafla: Ni modi zinazogombana au diski inayokufa?

MPENZI wa michezo ya tarakilishi hana kero inayozidi hii: mchezo uliokuwa ukienda vyema unajifunga ghafla, bila onyo wala maelezo, na kumwachia skrini tupu.

Iwapo mchezo huo umeongezewa viraka vya watumiaji, maarufu kama modi, basi washukiwa wakuu ni wawili. Huenda modi zenyewe zinagombana. Au huenda diski kuu, kifaa kinachohifadhi kila faili iliyomo ndani ya mashine, imeanza kufa.

Kutofautisha hali hizi mbili si suala la burudani pekee. Katika nyumba nyingi, tarakilishi inayochezewa ndiyo hiyo hiyo iliyohifadhi tasnifu ya mwanachuo, hesabu za duka na picha za familia. Modi mbovu itaharibu jioni ya mtu mmoja, ilhali diski mbovu itaondoka na vyote.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa chochote, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au kadi ya flashi. Anza na zile zisizoweza kupatikana tena. Mchezo utapakuliwa upya, lakini tasnifu haipakuliwi popote.

Modi zinapogombana

Mfano bora ni Skyrim, mchezo uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mnamo Novemba 11, 2011. Wachezaji wameutungia maelfu ya modi: mavazi, majumba, hali ya hewa, hata visa vizima. Kila modi hubadilisha sehemu fulani ya mchezo, na mbili zikibadilisha sehemu moja, ile inayopakiwa mwisho ndiyo hushinda. Mpangilio ukiwa mbaya, au modi ikikosa nyingine inayoitegemea, mchezo huanguka.

Chanzo kingine ni masasisho. Novemba 11, 2021, mchezo huo ulipotimiza miaka 10, Bethesda ilitoa sasisho lililobadilisha programu yake kuu. Modi nyingi zilizotegemea SKSE, programu ya ziada inayopaswa kulingana kabisa na toleo la mchezo, ziliacha kufanya kazi. Diski za wachezaji hao hazikuwa na kosa lolote.

Mgogoro wa modi huwa na tabia zake. Kwa kawaida huanza baada ya kuongeza, kuondoa au kusasisha kitu. Mara nyingi mchezo huanguka mahali pale pale, mathalani mlango fulani unapofunguliwa. Isitoshe, programu nyingine zote huendelea na kazi bila tatizo.

Dawa yake ni kugawa kwa nusu. Zima nusu ya modi, kisha uanzishe mchezo mpya wa majaribio. Ukiendelea kuanguka, mkosaji yumo katika nusu iliyobaki. Ukitulia, yumo katika ile uliyoizima. Gawa tena. Kwa njia hii, mkosaji mmoja miongoni mwa modi 128 hunaswa kwa majaribio saba tu. Hakikisha kwamba modi zinazotegemeana zinakaa upande mmoja. Usifanye majaribio hayo kwa mchezo uliohifadhiwa zamani, kwani masalio ya modi zilizoondolewa hubaki ndani yake.

Dalili za diski

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Sehemu ya sahani ikiharibika, diski hujaribu kuisoma tena na tena. Mchezo unaosubiri data hiyo huganda, wakati mwingine pamoja na mashine nzima.

Hiyo ndiyo tofauti kuu. Modi mbovu kwa kawaida huangusha mchezo wake tu, lakini diski mbovu haichagui. Windows huchelewa kuwaka, kunakili faili hukatizwa, nyaraka hukataa kufunguka, na pengine mlio wa kugonga husikika. Diski za kisasa za SSD hazina sahani wala mlio, na zinaweza kutoweka ghafla bila kuaga.

Diski nyingi hujiwekea rekodi ya afya iitwayo SMART, ambayo husomwa kwa programu za bure kama vile CrystalDiskInfo. Kwa diski ya sahani, tazama mistari mitatu: 05, yaani sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, C5, sehemu zinazotiliwa shaka, na C6, zile zilizoshindikana kusomeka. Tarakimu zake halisi zinafaa kuwa sifuri. Zikipanda kila siku, diski inakuaga. Mstari wa C7 ukipanda, badilisha waya wa data kwanza, kwani mara nyingi kosa huwa hapo.

Hata hivyo, rekodi safi si cheti cha uzima. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007, uliochunguza diski zaidi ya 100,000, ulibaini kwamba zaidi ya thuluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya SMART.

Tahadhari

Dalili za pande hizi mbili huweza kufanana. Faili ya mchezo ikiwa juu ya sehemu mbovu ya diski, mchezo utaanguka mahali pale pale, kana kwamba ni modi. Waliopata mchezo kupitia Steam wanaweza kuiamuru ikague faili zake na kurejesha zilizoharibika. Faili ikiharibika mara moja, huenda umeme ulikatika wakati wa kuandika. Ikiharibika tena na tena, washuku diski au kumbukumbu ya RAM, ambayo hupimwa kwa MemTest86.

Kusakinisha mchezo upya kunaweza kukuhadaa. Faili mpya huenda zikaandikwa mahali pengine palipo pazima, mchezo ukapona, na diski ikaendelea kuoza kimyakimya chini ya nyaraka zako.

Vilevile, usikimbilie amri ya chkdsk yenye kiambishi cha /r. Amri hiyo hupekua diski nzima kwa saa nyingi, na diski iliyo mahututi yaweza kukata roho katikati ya kazi. Itumie baada ya kunakili tu. Diski ikianza kugonga, zima mashine, na kama data ni ya thamani, mwone mtaalamu wa kuokoa data. Mwambie fundi mapema asifute chochote kabla ya data kuokolewa.

Anayenunua tarakilishi iliyotumika naye aombe kuonyeshwa rekodi ya SMART kabla ya kulipa. Humo mna idadi ya saa ambazo diski imefanya kazi, na tarakimu hiyo husema mengi kuliko rangi ya kasha.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuijua tarakilishi, ila kwa diski, ukuta ukianguka haujengeki. Kinachobaki ni ile nakala uliyoiweka kando mapema.