Data za Ngeli katika Faili: Namna ya Kuzijaribu Programu za Kiswahili

Wanafunzi wa Kiswahili wanaposhirikiana na wenzao wa kompyuta kuunda programu ya kugeuza nomino kutoka umoja hadi wingi, huzuka swali: nani atahakikisha kwamba majibu yake ni sahihi?

Tuchukue kanuni rahisi: ki- huwa vi-, na ch- huwa vy-. Kwa kanuni hiyo kitabu huwa vitabu na chakula huwa vyakula. Lakini programu hiyohiyo itageuza chupa kuwa *vyupa na chumvi kuwa *vyumvi. Mwanafunzi Mganda, ambaye nyumbani husema ekitabo na ebitabo, hatakuwa na sababu ya kuishuku.

Waandishi wa programu hujikinga kwa majaribio yanayojiendesha. Kipande kidogo cha programu hupewa neno, kisha jibu lake hulinganishwa na jibu linalotarajiwa. Tatizo ni kuwa mara nyingi maneno hayo huandikwa ndani ya jaribio lenyewe, mahali ambapo mwalimu wa lugha asiyejua kuandika programu hawezi kuyasahihisha. Dawa yake ni kuyahamishia kwenye faili la maandishi matupu, kila jozi katika mstari wake:

umoja,wingi
kitabu,vitabu
chakula,vyakula
chupa,chupa
ukuta,kuta
ulimi,ndimi
ng'ombe,ng'ombe

Jaribio huandikwa mara moja tu. Husoma mstari baada ya mstari, huipa programu neno la kwanza na kulinganisha jibu na neno la pili. Katika lugha ya Java, JUnit 5, iliyotolewa mwaka 2017, ina alama maalumu ya kazi hiyo, @CsvFileSource, ambayo huweza pia kuagizwa iruke mstari wa vichwa. Katika Python, pytest hupewa orodha iliyosomwa kutoka kwenye faili. Kwa njia zote mbili kila mstari huwa jaribio linalojitegemea: chupa ikishindwa, ukuta na ulimi huendelea kujaribiwa.

Yapo mambo manne ya kuzingatia:

1. Wingi unaotarajiwa uandikwe na mjuzi wa lugha. Ukinakiliwa kutoka majibu ya programu, kosa litajithibitisha lenyewe.

2. Ritifaa ya ng'ombe iwe ya aina moja. Programu za kuandikia barua huipinda ritifaa iliyonyooka, na kompyuta huona hizo ni alama mbili tofauti.

3. Kifungu chenye koma ndani yake kizungushiwe alama za kunukuu, la sivyo kitakatwa vipande.

4. Faili lisiachwe tupu. Kwa kawaida pytest huliruka jaribio lisilo na data, wala haihesabu kuwa limeshindwa.

Kukusanya jozi hizo ni kazi ya walimu na wanafunzi wa lugha. Tunashauri kila darasa lianze na nomino 10 kwa kila ngeli, hasa zile ambazo wanafunzi hukosea katika mazoezi yao.