Fahamu: Kufunguka kwa wapenzi wa mtandaoni, vijana na wazee

Kufunguka ni kumweleza mtu mambo yako ya ndani: hofu, madeni, ndoa iliyovunjika. Mtandaoni huweza kuja mapema, kwani hamtazamani usoni.

Umri unabadilisha nini?

Nchini Marekani, utafiti wa Pew wa 2022 ulikuta asilimia 53 ya watu wazima walio chini ya miaka 30 wamewahi kutafuta wapenzi mtandaoni. Wa miaka 65 na zaidi, asilimia 13.

Mwanasaikolojia Laura Carstensen anaeleza kwamba anayeona muda umebaki mchache hutanguliza uhusiano wenye maana. Naona ndiyo sababu mjane wa miaka 60 huweza kuandika mapema, "Nina wajukuu, sihami," kijana akianza na utani.

Hatari

Matapeli nao huulizia upweke na mafao ya kustaafu. Namba ya siri haimo katika kufunguka.