Mzee Amesahau Jina Lako, Lakini Wimbo Anaukumbuka



Wengi wetu tuna mzee nyumbani ambaye siku hizi anauliza swali moja mara kumi, anapotea njia ya kisimani, au anamwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyefariki zamani. Wengine husema ni uzee tu. Wengine, na hili ndilo baya, husema ni uchawi. Kule Kilifi na Kisii kuna wazee waliouawa kwa kushukiwa hivyo.

Basi tuelewane kwanza: huu ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi ilielezwa mwaka wa 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 ulimwenguni wanaishi na ugonjwa wa kusahau. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini si kusema hatuna la kufanya.

Kwa nini wimbo?

Ubongo hauharibiki wote mara moja. Sehemu inayoweka mambo mapya, kama vile alichokula asubuhi, huharibika mapema. Mwaka wa 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu zinazohifadhi nyimbo za zamani huharibika kidogo kuliko nyingine. Ndiyo sababu asiyejua leo ni siku gani anaweza kuimba beti zote za wimbo wa ujana wake. Mikono nayo hukumbuka kazi iliyoizoea.

Tusidanganyane: wimbo haurudishi akili iliyopotea. Unachofanya ni kupunguza huzuni na kumtuliza mtu. Huko New York, jumba la sanaa la MoMA lilianza mwaka wa 2006 kuwakaribisha wagonjwa hawa waangalie picha na kuzizungumzia. Sisi hatuna jumba, lakini nyimbo na udongo tunazo.

Tufanyeje?

1. Kwanza mpelekeni kituo cha afya. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuletwa na malaria au ugonjwa mwingine unaotibika.

2. Ulizeni jamaa: alipokuwa kijana aliimba nini? Za kanisani, za arusi, za kuvuna? Zimeni redio, muimbe hizo pole pole mkipiga makofi.

3. Mpeni kazi aliyoijua: kusuka kiondo, kufinyanga, kupaka rangi. Msimpe sindano wala ushanga anaoweza kumeza. Kazi ikiharibika, wacheni iharibike. Hatutafuti ya kuuza.

4. Msimwulize, "Unanikumbuka?" Huo ni mtihani, nao humwaibisha. Semeni tu, "Nyanya, ni mimi mjukuu wako, nimekuja tuimbe."

5. Nusu saa yatosha. Akilia au akikasirika kwa wimbo fulani, acheni. Huenda unamkumbusha msiba.

Tusimsahau anayemtunza. Wawili wa kikundi wakikaa na mzee mara moja kwa wiki, yule binti hupata nafasi ya kwenda sokoni, au hata kulala kidogo. Ihesabuni kuwa kazi ya kikundi, kama mnavyohesabu mchango.

Tena imbieni nje, uani, mahali majirani wanaona. Mtu aliyeketi na mzee akaimba naye atamwona kuwa mgonjwa wetu, na si rahisi tena amwite mchawi.