Biri: Jani Linaloachwa Lipumue

Mwanafunzi wa Kinyangiri, mkoani Singida, akifukua katikati ya lundo la samadi karibu na zizi, hukuta humo joto ambalo halikuletwa na jua. Huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyovunjavunja mabaki ya nyasi. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayotengeneza biri.

Jina lenyewe limetoka Bara Hindi, ambako ni kijisigara kilichofungwa kwa jani la mti uitwao tendu. Katika Kiswahili limehamia kwenye kitu kinene zaidi, kilichosokotwa kwa majani ya tumbaku matupu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani laini la kufunika nje.

Tumbaku nyingi ya mkoa jirani wa Tabora haifai kwa kazi hii. Ni tumbaku iitwayo ya mvuke, jina linalopotosha kidogo, maana mvuke haumo: majani huning'inizwa katika bani, na moto wa kuni hupasha mabomba yapitayo chini yake. Jani lililochumwa huwa bado linapumua, likigeuza wanga kuwa sukari na kuitumia sukari hiyo. Katika bani joto hupandishwa kwa muda wa wiki moja hivi hadi nyuzi 70 za Selsiasi. Jani hufa kabla ya kuimaliza sukari, nalo hubaki la manjano. Jani la biri, kinyume chake, hukaushwa kivulini kwa hewa tu, wiki kadhaa, hata sukari ikaisha karibu yote na jani likawa la hudhurungi. Kisha hurundikwa lichachuke. Lundo hupata joto kama lile la samadi, na wafanyakazi hulipindua mara kwa mara lisije likaharibika.

Sukari hiyo ina uzito katika afya. Moshi wa tumbaku yenye sukari huelekea kuwa asidi, na nikotini yake hufyonzwa hasa mapafuni. Moshi wa biri huelekea kuwa alikali, na nikotini hupenya hata katika utando wa kinywa. Mvutaji anayejitetea kwamba haumezi moshi hupata nikotini vilevile, pamoja na hatari ya saratani ya kinywa na ya koo. Tena, bakteria wa lundoni hugeuza nitrati za jani kuwa nitriti, nayo nitriti ikiungana na nikotini na jamaa zake huzaa nitrosamini, ambazo baadhi yake husababisha saratani.