Kupanda si kazi, kazi ni kushuka

Kwa miongo mingi, gari la reli la mlima Pilatus nchini Uswisi lilitumia dakika kama 30 kupanda hadi kileleni. Kushuka lilitumia dakika 40. Asiyeijua kazi ya reli za milimani atadhani namba zimepinduliwa, lakini ziko sawasawa. Injini ikiishiwa nguvu mlimani, abiria watachelewa. Breki zikikataa wakati wa kushuka, watakufa. Wahandisi waliotengeneza reli hizi walilielewa hilo mapema, na karibu kila kifaa walichokibuni kinatokana na hofu hiyo.

Reli ya Pilatus inaanzia Alpnachstad, kando ya ziwa, mita 436 juu ya usawa wa bahari, na kuishia mita 2,073. Njia nzima ni kilomita 4.6 tu. Penye mwinuko mkali zaidi, kwa kila mita 100 za mlalo reli inapanda mita 48. Hakuna reli ya meno duniani inayoishinda kwa ukali, na imekuwa hivyo tangu ilipofunguliwa Juni 1889.

Treni ya kawaida haithubutu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni jepesi kuteleza, na ndiyo maana njia kuu nyingi za reli hazizidi mita 2 au 3 kwa kila 100. Dawa ilikuwa gurudumu la meno chini ya injini, linaloumana na reli ya tatu, nayo yenye meno, katikati ya njia. Mmarekani Sylvester Marsh alipandisha treni ya namna hiyo Mount Washington mwaka 1869. Niklaus Riggenbach akafuata mwaka 1871 katika mlima Rigi, si mbali na Pilatus.

Mpango wa Pilatus wa mwaka 1873 ulikuwa wa mwinuko wa mita 25 kwa kila 100. Njia ingekuwa ndefu mno, na gharama isingerudi. Mhandisi Eduard Locher akaja na hesabu yake: mwinuko ukikaribia mara mbili, urefu wa njia unapungua kwa nusu. Fedha zikatosha, lakini hatari ikaongezeka. Ubavu wa jino la gurudumu umeinama kidogo. Gari zito linapozuiwa mteremkoni, jino husukumana na jino, na sehemu ya msukumo huo huelekea juu. Mteremko ukizidi kiasi, gurudumu linaweza kupanda juu ya meno na kuchomoka, na likichomoka hakuna tena cha kulishika gari.

Jibu la Locher nalihesabu miongoni mwa mawazo safi kabisa katika historia ya reli. Aliilaza reli ya meno, meno yakatazama kushoto na kulia badala ya juu. Kisha akaweka magurudumu mawili ya meno yaliyolala, moja kila upande, yakaibana reli kama koleo. Msukumo wa upande mmoja unauzima wa upande wa pili, na hakuna unaoelekea juu. Chini ya magurudumu hayo akaweka visahani vinavyopita chini ya reli, ili gari lisiinuke hata upepo wa mlimani ukilipiga ubavuni. Njia yenyewe haikulazwa juu ya kokoto; ilifungwa kwenye msingi wa mawe, isije ikateleza pamoja na mlima.

Boila nayo ilitaka akili. Katika injini ya kawaida boila hulala kufuata urefu wa injini. Mlimani, maji yangekimbilia upande wa chini na kuacha vyuma vya upande wa juu vikiwa vikavu juu ya moto, na chuma kikavu juu ya moto mkali huweza kupasuka. Locher aliiweka boila ikikingama upana wa gari. Hivyo gari lilipoinama, maji yaliendelea kuvifunika vyuma vyake.

Aliyetaka kujua Locher aliogopa nini alipata jibu Snowdon, huko Wales, tarehe 6 Aprili 1896. Reli ya mlima ule ilikuwa na meno yanayotazama juu. Siku ya kufunguliwa kwake, injini iliyokuwa inashuka ilichomoka kwenye meno, ikatoka relini na kuporomoka bondeni. Mabehewa yalisimama kwa breki zake yenyewe, lakini abiria mmoja aliyeruka kwa hofu alipoteza maisha. Baadaye njia ikaongezwa reli za kuishika injini isiinuke.

Huku kwetu tatizo hilihili liliwakabili wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa walipofika ukingo wa Bonde la Ufa, baada ya kuipita Nairobi mwaka 1899. Kazi isingeweza kusimama, kwa hiyo vifaa vilishushwa bondeni kwa kamba za chuma kwenye miteremko ya muda, huku njia ya kudumu ikichongwa ubavuni mwa ukingo kuelekea Kijabe. Hawakuchagua meno, na naona walikuwa na sababu. Reli ya meno inatambaa, na mzigo inaobeba ni mdogo. Njia iliyokusudiwa kulisha Uganda nzima ilihitaji treni ndefu na nzito, hata kama ingelazimika kuzunguka.

Pilatus iliacha mvuke mwaka 1937. Siku hizi gari la umeme likishuka, mota zake hugeuka jenereta na kulizuia gari bila kuchosha breki. Magari mapya yalianza kazi mwaka 2023, lakini bado yanaumana na meno ya muundo wa Locher. Reli za meno za mwanzo zilipolika upande mmoja baada ya takriban miaka 100, mafundi hawakuzitupa. Walizigeuza, zikaendelea na kazi kwa upande ambao haujalika.