Kabla hujanunua spika mpya, yachunguze masikio yako

Mtu anapoamua kubadilisha spika za redio yake ya sebuleni, mara nyingi utamsikia akitoa moja ya sababu mbili: za zamani hazina nguvu, au zimefifia na hazisikiki vizuri kama zilipokuwa mpya. Basi anajikusanya, anakwenda Kariakoo, anaulizia zenye wati nyingi kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Leo, mpenzi msomaji, naomba tulitazame jambo hili kitabibu, kwa sababu spika ni nusu tu ya mtambo wako wa muziki. Nusu nyingine umeibeba pande mbili za kichwa chako, na hiyo haiuzwi dukani.

Nianze na hiyo sababu ya pili. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Kazi yake ni kugeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Zikifa, mwili wa binadamu hauoteshi nyingine. Kelele huanza kuua zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000, na uzee nao huanzia huko kwenye sauti nyembamba. Ndiyo maana mwathirika hajitambui. Ngoma anazisikia zikidunda, besi ipo, ila matoazi yametoweka, gitaa limekuwa zito na maneno ya mwimbaji hayashikiki. Anaamini spika zimechoka.

Nimewahi kumhudumia mwalimu mstaafu aliyekuwa akihudhuria kliniki ya shinikizo la damu. Katika mazungumzo akanieleza kwamba amebadilisha spika mara mbili ndani ya miaka mitatu na bado hajaridhika. Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni, akadakia: "Daktari, redio yenyewe tunaisikia mpaka kwa jirani." Tulipompima usikivu, masikio yote mawili yalikuwa yameshuka sana kwenye sauti nyembamba. Hakuna spika ambayo ingemrudishia matoazi yake.

Simaanishi kwamba spika hazichakai. Ule ukingo wa sponji unaoshikilia koni huoza baada ya miaka, na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba huungua. Lakini kuna jaribio rahisi la nyumbani. Zima redio, hamisha spika ya kulia iende kushoto na ya kushoto ije kulia, kisha piga wimbo uleule. Udhaifu ukihama pamoja na spika, spika ni mbovu. Ukibaki upande uleule wa chumba, shuku waya au amplifaya. Sasa geuka uzipe spika mgongo: kama sikio lilelile ndilo linaloendelea kusikia hafifu, usiende kwa fundi redio, njoo kwetu. Huenda ni nta tu iliyoziba, na hiyo tunaitoa kwa dakika chache. Tafadhali usiichokonoe kwa kijiti cha pamba, maana unaisukuma ndani zaidi.

Tuje kwenye wati, ambako ndiko watu wengi wanapoteza fedha na masikio kwa pamoja. Kwanza, namba kubwa zilizoandikwa kwenye maboksi ya sabufa, zile za maelfu zenye herufi PMPO, zipuuze kabisa. Tafuta zenye herufi RMS, ndizo zinazoeleza nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Pili, ukitoka wati 50 kwenda wati 100 hupati sauti mara mbili. Unapata ongezeko la desibeli 3, ambalo sikio linalitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, nguvu inabidi iongezwe mara kumi hivi.

Sasa sikiliza upande wa pili wa hesabu hiyo. Kwa usikilizaji wa muziki, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 unazoongeza zinakata muda huo nusu: desibeli 83, saa 20, desibeli 86, saa 10, ukifika 95, umebaki na saa moja na robo kwa wiki nzima. Yaani ongezeko lilelile ambalo hukulisikia vizuri, seli zako zimelihesabu lote. Kwa watoto kiwango ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa hizohizo 40.

Kwa hiyo spika nzuri, kwa maoni yangu, ni ile inayokupa muziki wote ukiwa umepunguza sauti. Namba inayofaa kuulizwa dukani ni ya usikivu wa spika, yaani inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ikiwa umbali wa mita 1. Yenye desibeli 90 inahitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye desibeli 84 ili kutoa sauti ileile. Ukiwa na amplifaya ndogo, hiyo ndiyo itakuokoa na tabia ya kuikamua mpaka sauti inakwaruza. Sauti ya kukwaruza hukera sikio, na pia huunguza vile vispika vidogo. Hakikisha pia omu za spika hazipungui zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Unapokwenda kuchagua, nenda asubuhi. Sikio lililotoka kukaa saa nzima kwenye daladala yenye muziki mnene, au ukumbini usiku uliotangulia, huwa limechoka. Usikivu wake umeshuka kwa muda na litakuchagulia spika yenye makelele. (Muuzaji anayeshinda katikati ya spika kumi zinazopiga kwa pamoja ana masikio yaliyochoka kuliko yako, hivyo ushauri wake kuhusu sauti tamu upokee kwa heshima tu.) Beba wimbo unaoujua vizuri, wenye sauti ya mtu na ala za kupigwa kwa mkono: gitaa la Mbaraka Mwinshehe, sauti ya Bi Kidude, chochote unachokifahamu neno kwa neno. Omba upigwe kwa kiwango ambacho wewe na muuzaji mnaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha zinapiga kwa kiwango kimoja, kwa sababu iliyo juu kidogo itaonekana nzuri hata kama si nzuri. Maneno yakisikika wazi kwa sauti ya chini, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Besi ni suala la pekee. Kwa sauti ya chini, sikio la binadamu halisikii besi sawasawa. Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walilipima hilo mwaka 1933. Ndiyo sababu muziki ukipunguzwa unakuwa mwembamba, nasi tunanyoosha mkono kuongeza. Redio nyingi za zamani zilikuwa na kitufe cha kurudisha besi bila kupandisha sauti nzima. Sabufa iliyorekebishwa kwa kiasi inaweza kufanya kazi hiyohiyo, na kwa hilo siipingi.

Wakati mwingine kinachohitajika ni zulia. Sebule zetu nyingi zina vigae chini na kuta tupu. Sauti inagonga na kurudi, maneno yanachanganyika, na tunaongeza sauti tukitafuta kuyaelewa. Weka zulia au mkeka mnene na mapazia mazito, ondoa spika kwenye kona, inua vile vispika vidogo vifike usawa wa masikio ya aliyeketi, na usogeze kiti. Ukitoka mita 4 kwenda mita 2, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye spika huongezeka kama desibeli 6 bila kugusa kitufe. Lakini hesabu hiyohiyo inamhusu mtoto anayetambaa mbele ya spika iliyowekwa sakafuni huku wewe umekaa mbali kwenye kochi. Anapokea zaidi sana kuliko unavyodhani, na hawezi kukwambia. Spika ndefu nazo zifungwe ukutani, zisije zikamwangukia.

Kama unasikia mlio masikioni baada ya kusikiliza muziki, unawaomba watu warudie maneno, au umewahi kutumia sindano za gentamaisini au streptomaisini kwa muda mrefu, pima usikivu kabla ya kununua chochote. Hospitali kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za masikio, pua na koo. Na sikio likizima ghafla, ndani ya saa au siku chache, usilipe wiki mbili kuona kama litafunguka lenyewe. Fika hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa matibabu yake hufanya kazi vizuri zaidi yanapoanza mapema.